Mgongo wa Dalia Nyeupe

Mama yangu hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Ukimpelekea ripoti ya shule umekuwa wa pili, alikuuliza wa kwanza ni mtoto wa nani. Kwa hiyo nilipoanza kumtumia picha za maua kutoka hapa Quakers Hill, ng'ambo ninakofanya kazi, sikutarajia vigelegele. Picha ya kwanza ilikuwa ya zinia nyekundu, niliipiga saa sita mchana, jua la Januari limesimama utosini. Jibu lilikuja kesho yake, limeandikwa kama la ubaoni, herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni: "Umelipiga picha kama polisi anavyompiga mwizi. Amka mapema. Na mgongo wake uko wapi?"

Alikuwa amefundisha darasa la tatu huko Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita, maisha yake yote ya kazi, na hata kwenye simu hakuiweka chaki chini. Hakufupisha neno hata moja. Vile vichwa vya manjano vya kucheka na kulia hakuvitumia kamwe. Alisema vimetengenezewa watu walioshindwa na insha.

Mgongo wa ua ndio aliouulizia siku zote. Alisema ua huanza kuchoka kwa nyuma, hasa dalia. Petali za nyuma hugeuka rangi ya chai siku mbili tatu kabla uso haujabadilika, na mtu anayekuonyesha uso peke yake huenda anakuonyesha ua la juzi. Basi nikazoea kupiga mbili. Moja ya uso, na moja nimepiga magoti kwenye udongo, simu imeelekezwa juu, nikiona shina na vile vijani vidogo vinavyolishika ua kwa chini. Mimi na umri wangu, na magoti yangu ya kuinua wazee siku nzima kwenye makao yao kule Parramatta, nalala chini kama fundi wa magari ili mwalimu mstaafu aridhike.

Maneno haya nayasema kwa mzaha, lakini mzaha haukuwa mwingi. Mama alikuwa mgonjwa. Sukari ilikuwa imeshamla macho, na sasa moyo nao ulikuwa umeanza kuchoka. Alikuwa akiishi na ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye aliyempikia, akampeleka kliniki, akamsomea Biblia. Mimi kazi yangu ilikuwa maua. Nilipiga picha saa kumi na mbili unusu asubuhi kabla ya kwenda kazini, wakati huo kwao ni usiku na mama amelala. Akiamka alfajiri anaikuta. Anaikaribisha simu mpaka inagusa pua, anaangalia, anaandika. Jibu lake lilinikuta saa nane mchana nikiwa mapumzikoni, nimeketi na sahani yangu. Ndivyo tulivyozungumza, mimi na yeye, kwa kipindi kizima cha mwisho wa kiangazi.

Lakini kulikuwa na ua moja ambalo nililipanda kwa sababu nyingine, nalo ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwetu, nilipokuwa mdogo, maua yalikuwa ya maiti. Hakukuwa na duka la maua. Mtu akifiwa, kabla hata sufuria kubwa hazijaazimwa, mtoto alitumwa kwa mwalimu na ndoo. Mama alikuwa na kichaka cha dalia nyeupe kando ya jiko, kimenizidi urefu, na hakumnyima mtu hata siku moja. Alikata mwenyewe alfajiri, akayafunga kwa kamba za mgomba. Mimi ndiye niliyebeba ndoo kichwani mpaka matangani, maji yakinichuruzika shingoni. Shuleni walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Wavulana wakiniona njiani na ndoo waliulizana leo ni zamu ya nani.

Nikiwa na miaka kumi na sita, jioni moja nilipochekwa mpaka nikachoka, nilirudi nyumbani nikakuta maji ya ugali yanachemka. Mama alikuwa ameenda kwenye maombi. Nilitoa sufuria jikoni nikaimwaga yote kwenye shina la ile dalia. Nikateka maji mengine, nikayachemsha, nikamwaga tena, ili viazi vyake vilivyo chini ya udongo viive kabisa. Sikulia wala sikutetemeka. Niliosha sufuria nikapika ugali.

Wiki nzima mama alikizunguka kile kichaka. Majani yalilala, kisha yakawa meusi. Alipofukua alikuta viazi vimelainika vinanuka. Kwanza alisema ni fuko, halafu akasema ni ugonjwa wa udongo, akamwaga majivu. Baadaye alipata za njano kwa jirani, na za zambarau, lakini nyeupe kama ile hakuipata tena, na watu walipokuja na ndoo walipewa za njano. Mara nyingi nilimwona amesimama pale pahali patupu, mikono kiunoni. Nilimsaidia kufukua. Nilisema, "Pole, Mama." Kisha nikanyamaza miaka ishirini na tisa.

Sijui kwa nini jambo la maua lilinikaa rohoni kuliko mengine niliyomfanyia, na nilimfanyia mengi. Labda ni kwa sababu alinishukuru kwa kumsaidia kufukua.

Naishi peke yangu, kwenye kijumba cha nyuma ya nyumba ya watu, na mwenye nyumba amenipa kipande cha ardhi kando ya uzio wa mabati, upana wake kama mlango. Mwezi wa kumi na moja nilinunua viazi vitatu vya dalia kwenye duka la vitu vya bustani, ndani ya mfuko wenye picha ya ua jeupe. Kimoja kilioza. Cha pili kilipochipuka konokono walikimaliza kwa siku mbili. Cha tatu nikakilinda kwa hasira. Joto la huku magharibi mwa jiji likipanda kupita arobaini, uzio ule wa mabati huwa kama kikaango, kwa hiyo nilitundika shuka kuukuu kati ya uzio na kamba ya nguo kuwa kivuli. Nilimwagilia kabla ya kupiga mswaki. Watu hunywesha ng'ombe wa maziwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Mpango wangu nilikuwa nimeupanga na sikumwambia mtu. Siku dalia itakapochanua nitaipiga picha mama aione, na chini ya picha nitaandika nilichokifanya. Nilitaka nimwambie nikiwa na kitu cha kumrudishia. Kwa sauti sikuweza. Nilijaribu mara mbili kwenye simu nikaishia kumuuliza kama mvua imenyesha. Niliogopa kile kimya ambacho ningekisikia.

Ua jeupe, kumbe, ni gumu kulipiga picha. Nilifanya mazoezi kwenye waridi jeupe la mwenye nyumba, na mama akanirudishia: "Naona sahani. Petali ziko wapi?" Jua likishapanda, weupe unaungua wote kwenye simu. Nikajifunza kutoka mapema, kabla mwanga haujaruka uzio. Nikajifunza kugusa kioo kwa kidole na kushusha mwanga mpaka picha ionekane kama ya jioni. Nikatundika koti langu jeusi la baridi nyuma ya ua. Siku moja nilinyunyiza maji ili lipendeze. "Huo si umande," aliandika. "Umande haukai upande mmoja."

Mwishoni mwa mwezi wa pili walimlaza. Nilimpigia ndugu yangu, nikamuuliza nije. Likizo yangu ilikuwa imeidhinishwa ya baada ya Pasaka, lakini ningeweza kupiga kelele wakanipa mapema, na nilimwambia hivyo.

"Usikimbie, dada," alisema. "Anakula. Jana alimgombeza muuguzi."

Nikamwamini, kwa sababu kumgombeza muuguzi ni mama kabisa. Na pia, niseme ukweli, nilimwamini kwa sababu tumba la dalia lilikuwa limeshatokea na nilitaka kulimaliza jambo langu kwanza.

Jumapili asubuhi tumba lilikuwa limevimba, kijani kimeachana kidogo, weupe unachungulia. Nilipiga uso, ingawa uso haukuwapo bado. Nikaandika: "Hii ni nyeupe, Mama. Kama ile yako. Bado. Labda Alhamisi."

Jibu lilikuja saa nane na nusu: "Nitangoja."

Jumatatu nilimtumia tumba tena, limefunguka upana wa kidole. Mchana nikiwa Parramatta, mezani na wenzangu, simu ikalia. "Nzuri sana mama ubarikiwe," na mbele yake ua jekundu la kuchorwa na viganja viwili vya kuomba. Nilicheka. Niliwaonyesha wenzangu, nikawaambia mama yangu amefundishwa utundu na wauguzi vijana, sasa hata nukta ameitupa. Nilifurahi kweli. Nilijiambia mtu anayejifunza mapya kitandani hana haraka ya kwenda popote.

Jumanne jibu likawa karibu lile lile. Jumatano pia. Hakuna aliyeniuliza mgongo wa tumba uko wapi. Nikasema amechoka.

Jumanne hiyo hiyo, nimetoka kazini, alikuja rafiki yangu. Ni Mkongomani, mtu wa Bukavu, tunasali pamoja na ndiye anayenisuka nywele. Hajawahi kuja kwangu siku ya kazi bila kupiga simu. Alikuwa na sufuria ndogo ya sombe, majani ya muhogo ya kwao, imefungwa kitambaa.

"Dada, niko napita tu," alisema. "Nimekuletea chakula kidogo. Unakula muzuri?"

"Nakula. Nani amekwambia sili?"

"Hakuna mutu. Niko nauliza tu. Samedi uko off?"

"Jumamosi niko off."

"Bon. Nitakuja. Usiende popote."

Nikamvuta mkono mpaka kwenye uzio nikamwonyesha tumba. Nikamweleza kwamba mama analingoja, kwamba jana tu ameniandikia na maua ya kuchora. Rafiki yangu aliangalia tumba, halafu akaangalia mabati, akayaangalia muda mrefu kwa mtu anayeangalia mabati. "Mungu ni mukubwa," alisema. Alipoondoka hakunikumbatia. Nilidhani labda nimemkosea kitu.

Alhamisi nilibadilishana zamu na mwenzangu makusudi, ili nisiwe na haraka. Nilitoka nikiwa na kanga tu na koti jeusi mkononi. Ua lilikuwa limefunguka. Lilikuwa kubwa kuliko kiganja changu, petali zimepangwa safu kwa safu mpaka katikati, ambako bado kulikuwa na kijani kidogo kilichojikunja. Dakika nzima sikugusa simu. Mara ya mwisho kuliona ua la namna ile nilikuwa na ndoo kichwani.

Nilipiga picha kumi na moja, nikachagua moja. Mgongo sikuupiga. Shina lilikuwa laini, niliogopa kulipinda, na isitoshe nilitaka auombe mwenyewe. Nilitaka kuandikiwa "Na mgongo?" kama kawaida yetu, nijue hatujaharibikiana. Chini ya picha nikaandika yote. Maji ya ugali, sufuria ya pili, fuko ambaye hakuwapo, pole niliyompa. Niliandika kwa kirefu na bila kufupisha neno, maana ndivyo alivyonifundisha. Mwisho nikaandika: "Nilikuwa mimi, Mama. Hii hapa ninakurudishia." Nikatuma kabla sijapata nafasi ya kujionea huruma.

Kutoka asubuhi ile mpaka saa nane niliosha nguo, nikazianua mbichi, nikazitundika tena. Saa nane ikapita. Saa nane na dakika ishirini simu ikalia.

"Nimekusamehe mwanangu. Usiwaze hayo ya zamani. Mungu akubariki sana." Na mioyo mitatu myekundu.

Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya uzio nikalia kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Niliona wepesi ambao sijui kuueleza. Miaka yote ile niliubeba mzigo kwa ajili ya maneno mawili ya kwanza. Kwamba hakuuliza mgongo, niliona, na nikapita.

Na kwa furaha hiyo nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu angenizuia. Nilichukua ile picha, dalia nyeupe peke yake mbele ya koti jeusi, nikaiweka kwenye status yangu, bila neno hata moja. Niliona maneno yataiharibu. Mimi niliyekulia matangani na ndoo, nisijue ua jeupe kwenye weusi, bila maelezo, linasema nini. Mtu wa kwetu akiweka ua la hivyo huulizi kumetokea nini. Unauliza tu ni nani.

Kwao ilikuwa asubuhi, watu wameshika simu wakielekea makazini. Haikupita hata robo saa. Wa kwanza alikuwa binamu yangu wa Mombasa.

"Pole sana dada. Afadhali wamekwambia. Tangu Jumatatu tulikuwa tunakufa kwa ndani kukuficha."

Nilisoma nikadhani ametuma kwa mtu mwingine. Kabla sijamjibu likaingia la shangazi: "Mwalimu amepumzika. Jikaze, mama." Halafu la mtu niliyesoma naye: "Pole kwa kumpoteza mama. Unasafiri lini?" Yakaja mengine. Simu ilitetemeka mkononi mwangu bila kupumzika, na mimi nilikuwa nimekwama kwenye neno Jumatatu. Nilihesabu kwa vidole, kweli, kwa vidole kama mtoto wa darasa la mama. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nikarudi kwenye ukurasa wa mama nikaangalia ile mioyo mitatu. Nilielewa ni nani hakuiandika.

Gari la rafiki yangu lilisimama kwa kishindo upande wa mbele. Alikuja akikimbia, kiatu kimoja kimefunguka, machozi yanamtoka.

"Nani amekuambia?" alilia. "Tulisema Samedi! Pasteur alikuwa anakuja, ba mama bote, ili usikuwe peke yako. Nani amekuambia, dada?"

"Hakuna aliyeniambia," nilisema. "Mmeniambia nyinyi sasa hivi."

Nikamfukuza. Nilimwambia maneno ambayo mtu mwingine asingerudi tena kwangu baada ya kuyasikia. Nilimwambia alikuja kunilisha sombe kama anayelisha kuku wa kuchinja. Hakuondoka. Aliketi chini, kwenye udongo wangu uliolowa, na nguo yake nzuri ya kazini, akaweka mikono kichwani.

Ndipo nilipomkumbuka mtu mwingine.

Mwaka juzi muuguzi mmoja wa kwetu, Mkenya, anayekaa upande wa Blacktown, alifiwa na baba. Sisi tulijua kabla yake. Ndivyo tufanyavyo huku ugenini: habari ya msiba haipigiwi simu mtu aliye peke yake, wala aliye kazini, wala anayeendesha gari. Nyumbani wanapigia watu wa hapa, watu wa hapa wanapanga siku, wanakwenda wengi, na mmoja anatangulia kuichukua simu yake. Mtangulizi nilikuwa mimi. Nilibisha hodi nikicheka. Nikamwambia yangu imezima, naomba yako nipige mara moja, nikaikata mtandao chini ya meza. Tulikunywa chai, akanisimulia mambo ya bosi wake, tukacheka, dakika arobaini nzima, mpaka wengine walipofika na mchungaji na yeye alipowaona mlangoni akajua. Nilijisifu kwa kazi ile. Wiki moja baadaye aliniambia, "Ulikunywa chai na mimi ukijua." Nikamjibu ndivyo ilivyo desturi, kwamba ilikuwa kwa faida yake. Hatujasemezana tena vizuri mpaka leo, na mimi nilikuwa namwona ana kiburi.

Nikaketi chini karibu na rafiki yangu. Sikumwomba msamaha siku ile. Niliketi tu.

Saa kumi nilimpigia ndugu yangu. Alipokea kabla haijalia mara ya pili, na alikuwa tayari analia.

"Dada, ningekuambiaje? Uko peke yako huko. Kama ungeanguka nani angekuokota?"

"Ni wewe uliyekuwa unaandika."

"Ni mimi. Picha ya Jumatatu iliingia kabla hatujatoka hospitalini. Nikaona nisipojibu utapiga. Nikajibu. Halafu ikaja ya Jumanne."

"Na leo? Leo umenisamehe wewe?"

Nilisikia watu nyuma yake, na mlango wa chuma.

"Nilikuwa kwenye foleni ya mochari," alisema. "Nina karatasi zao mkononi. Simu ya mama ikalia mfukoni. Nilisoma yote, dada. Sikujua nifanye nini na maneno kama yale. Nikaona nikikuacha hivyo mpaka Jumamosi utaumia. Nikaandika nilichofikiri angeandika."

"Angeandika hivyo?"

"Sijui."

"Sema."

"Sijui, dada. Yeye hakuwa mtu wa kusamehe kwa haraka hivyo. Unamjua."

Nilimtukana. Yeye aliyemwosha mama, aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha uji kwa kijiko wakati mimi nashusha mwanga wa picha kwa kidole, nilimtukana tusi ambalo hatukulelewa kulitamka, naye akalipokea. Hasira yangu juu yake haijaisha hata sasa. Nimemwambia hivyo, na anajua, na bado tunapigiana simu kila Jumapili.

Nilipopata pumzi nilimuuliza kitu kimoja tu nilichotaka kukijua. "Lile ua aliliona?"

Akanieleza. Jumapili asubuhi mama aliandika "Nitangoja" kwa mkono wake, herufi moja moja, ikamchukua kama nusu saa, na akakataa kusaidiwa. Jioni, akiwa ameanza kupumua vibaya, aliomba simu tena. Akauliza, "Limefunguka?" Ndugu yangu alimwekea usoni picha ile ile ya asubuhi, ile ya tumba, akamwambia, "Limefunguka, Mama. Ni jeupe. Ni kubwa." Macho yake hayakuwa yakiona tena isipokuwa mwanga na giza.

"Akasemaje?"

"Aliangalia sana. Halafu akasema, mwambie anionyeshe mgongo."

"Na hukuniambia."

"Nilisema nitakuandikia asubuhi. Kufika asubuhi hakuwa mtu wa kuonyeshwa kitu."

Nilikata simu. Rafiki yangu alikuwa ameingia ndani, nilimsikia akifungua kabati zangu akitafuta majani ya chai. Jua lilikuwa limeuruka uzio na kushuka upande wa pili, na kivuli cha shuka kimefika kwenye dalia. Nikapiga magoti, kisha nikalala chali kwenye udongo ule, nikaingiza simu chini ya majani. Shina nililishika kwa vidole viwili nikalipinda taratibu, na halikuvunjika kama nilivyoogopa.

Mgongo ulikuwa safi. Petali za nyuma zilikuwa nyeupe mpaka mwisho, hakuna hata doa la chai, na vile vijani vidogo vilikuwa bado vimelishika ua kwa nguvu. Lilikuwa ua la siku ile ile. Angelikubali. Huenda angetafuta kosa jingine, kivuli cha mkono wangu labda, lakini ua angelikubali.

Nikapiga picha moja, nikaituma kwenye namba ya mama. Nikabaki nimelala pale naiangalia simu, mpaka zile alama mbili zikageuka buluu na nikajua kwamba ndugu yangu, huko aliko, ameifungua. Nikaona ameanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena, akaacha, na safari hii hakuniletea jibu.